Msiseme Korona Ndiyo Iliyotuharibu

Mhariri wa jarida hili aliniomba shairi, lakini nikamwambia mashairi mwaka huu yamejaa tele na mengi ni ya mapenzi. Kwa hivyo nimeshika kalamu kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limekuwa likinikera tangu nilipoingia kidato cha kwanza.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanafunzi akichelewa, korona. Darasa likipiga kelele, korona. Alama za Hisabati zikishuka, korona. Mtoto akimjibu mzazi vibaya, mzazi hugeuka na kumwambia jirani, "Hawa ndio watoto wa korona, waliharibika wakiwa nyumbani." Maneno haya nimeyasikia gwaridani, nimeyasikia kanisani, na nimeyasikia ndani ya matatu ya kutoka Athi River, kondakta akiwaeleza abiria kana kwamba yeye ndiye daktari. Mwishoni mwa mwaka wa 2021, mabweni yalipochomwa katika shule nyingi humu nchini, maelezo yalikuwa yayo hayo. Sisi wa shule ya kutwa hatuna bweni la kuchoma, lakini lawama tulipata fungu letu.

Mimi napinga. Sisemi kwamba korona haikutuumiza, la hasha. Ilituumiza tena sana. Lakini ugonjwa ule uliwafungia watoto wote nyumbani karibu siku moja, na walipofunguliwa hawakutoka sawa. Wako waliotoka wazima. Wako waliotoka wamevunjika ndani kwa ndani. Na wako ambao hawajatoka hadi leo. Ikiwa mvua imenyeshea ploti nzima na chumba kimoja tu ndicho kilichovuja, fundi hatazami mawingu, hupanda juu kutazama bati.

Hebu tukumbushane mambo yalivyokwenda, maana miaka imepita na watu husahau upesi. Tarehe 13 Machi 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw. Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Jumapili tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe, na sisi wa shule za kutwa tukawa wa kwanza kubaki nyumbani, Jumatatu tarehe 16. Nilikuwa darasa la sita. Tulishangilia! Tulidhani ni likizo ya wiki mbili tatu. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Halafu tarehe 6 Aprili ikaja ile amri ambayo kwetu Kitengela ilikuwa na maajabu yake, kwamba hakuna kuingia wala kutoka Nairobi na viunga vyake. Viunga hivyo vilitajwa kwa majina, na kwa upande wa Kaunti ya Kajiado vilikuwa Kitengela, Kiserian, Ongata Rongai na mji wa Ngong.

Yaani kaunti moja ilikatwa vipande. Sisi wa Kitengela tukatiwa ndani ya ua pamoja na watu wa Nairobi, ilhali mji wa Kajiado, ambako ndiko makao makuu ya kaunti yetu na ndiko kwa nyanya na babu wa wengi wetu, ukaachwa nje. Mahali ambapo tulikuwa tukienda kwa matatu asubuhi na kurudi jioni pakawa mbali kama Ulaya. Ua ule ulidumu miezi mitatu. Uliondolewa tarehe 7 Julai, na siku hiyo hiyo marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akatangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, tutaurudia. Wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi shuleni tarehe 12 Oktoba. Sisi wengine tulirudi tarehe 4 Januari 2021. Hesabu mwenyewe, ni miezi tisa na ushei.

Katika miezi hiyo tulihudumiwa, na haki ya mtu ni lazima isemwe. Kulikuwa na vipindi vya masomo kwenye redio ya KBC na kwenye televisheni. Kulikuwa na mitungi ya maji ya kunawa kila mlango wa duka. Wako waliogawiwa unga na sabuni. Kila mtu aliuliza tunakula nini, tunanawa vipi, tunasoma vipi. Waliouliza tunajisikiaje moyoni walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

"Uko poa?"

"Niko poa."

Hapo mazungumzo yamekwisha. Ukilitazama vizuri swali hili utaona kwamba jibu limo ndani yake tayari, unachofanya ni kulirudisha kwa mwenyewe kama chenji. Wazee wetu walipokutana njiani walisimama kwa muda mrefu wakiulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, za mgonjwa wa juzi. Ukidanganya kwenye habari ya kwanza utashikwa kwenye ya nne. Sisi salamu yetu ina maneno mawili na hakuna anayeshikwa.

Sasa niwaeleze niliyoyaona mwenyewe. Ploti tunamoishi, upande wa Noonkopir, ina vyumba kumi vinavyotazamana, na katikati ni kamba za nguo. Wakati wa korona vyumba vyote vilikuwa vimejaa watu mchana na usiku. Mtu wa nje angedhani hakuna mtoto aliyeweza kujihisi mpweke mahali kama pale. Wallahi angekosea. Unaweza kulala watano kwenye chumba kimoja na usiwe na wa kumwambia neno.

Dada yangu alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni. Alirudi na sanduku lake, mwezi wa kwanza akasoma vitabu vyake vyote, mwezi wa pili akalala. Asubuhi amelala, mchana amelala, jioni anaamka kula vijiko viwili na kurudi kitandani. Mama alidhani ni uvivu. Baba alidhani ni malaria na akanunua dawa. Dada hakuwa akilia wala kugombana na mtu, na hilo ndilo lililowapoteza wazazi wetu, kwa sababu kwa watu wengi mtoto aliyenyamaza ni mtoto asiye na shida.

Aliyemfungua mdomo ni msusi wa chumba namba nane. Saluni yake ilikuwa imekosa wateja, kwa hivyo alikuwa akisuka mlangoni kwake, tena mara nyingine kwa malipo ya kilo ya unga. Mama alimpeleka dada kwa sababu nywele zilikuwa zimetia aibu, si kwa sababu nyingine. Wanaosukwa wanajua, kazi ile ni ya saa tatu nne. Huwezi kukimbia, kichwa chako kimeshikwa. Na huhitaji kumtazama mtu usoni kwa kuwa yeye yuko nyuma yako. Msusi yule hakusomea ushauri nasaha. Alikuwa akisuka anauliza, akinyamaziwa ananyamaza, halafu anauliza tena akifika upande wa pili wa kichwa. Mimi nilikuwa kando nikicheza na vifuniko vya chupa, na kwa kuwa nilikuwa mdogo hakuna aliyenijali. Nikasikia dada akisema kwamba anaogopa shule hazitafunguliwa tena. Akasema anaogopa mama atarudi na ugonjwa kutoka kiwanda cha nguo, atufie. Akasema ana rafiki yake wa kitanda cha juu ambaye simu yake haipatikani tangu Aprili na hajui yuko hai au la.

Msusi hakumpa dawa. Alimwambia, "Haya, na mimi naogopa. Kesho uje tena nikumalizie hapa nyuma." Kesho yake alikwenda. Na kesho kutwa akaenda ingawa nywele zilikuwa zimekwisha, akawa anamshikia msusi uzi wakisuka watoto wengine. Kufikia Juni mlangoni pale palikuwa na wasichana wanne watano kila siku, barakoa zimeteremshwa kidevuni (sheria ilivunjwa, nakubali), wakicheka hadi wenye vyumba wanalalamika. Dada yangu alimaliza shule vizuri. Leo anasomea kozi yake, na akiulizwa juu ya korona anazungumza habari za mlango ule kuliko habari za ugonjwa.

Lakini wavulana hawasukwi.

Katika ploti yetu kulikuwa na mvulana wa darasa la nane, mtu wa mzaha na mpira. Baba yake alikuwa kibarua katika shamba la maua. Korona ilipoingia, soko la maua la Ulaya lilianguka na ndege zikapungua, na kama tunavyojua vibarua wengi wa maua walirudishwa nyumbani. Baba akawa anashinda amekaa kwenye kiti, haongei. Mvulana akapata kazi ya kusukuma maji kwa mkokoteni wa punda, kutoka kisimani hadi kwenye maploti. Wenyeji wanajua shida ya maji Kitengela, kwa hivyo pesa ilipatikana. Unga ukawa unanunuliwa na mtoto. Watu wakamsifu, "Sasa huyu amekuwa mwanamume." Tarehe 12 Oktoba wenzake wa darasa la nane walivaa sare wakarudi shuleni. Yeye alipita na mkokoteni.

Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemdai karo, maana shule yake ilikuwa ya umma. Mwalimu wake alituma salamu kwa wanafunzi kwamba arudi, na salamu zikafika, akasema sawa. Yaliishia hapo. Hadi leo anauza maji, na huleta kwetu. Kabla ya kuandika makala haya nilimwuliza, kaka, wakati ule nani alikuuliza unaendeleaje? Akacheka. Akaniambia, "Nilikuwa naongea na punda. Kutoka kisimani mpaka Milimani, namwambia yote. Yeye hachoki kusikiliza." Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu la Historia ili nisiyasahau. Nani atasema kwamba mvulana huyu aliharibiwa na korona? Korona ilimpa mzigo. Kuubeba peke yake, hilo ni jambo jingine, na lilitoka kwetu.

Kulikuwa pia na msichana wa chumba cha mwisho ambaye baba yake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu kupitia Namanga. Mtakumbuka Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, madereva wakawa wanapimwa pale Namanga na foleni za malori zikawa ndefu ajabu. Watoto wa ploti walimbandika jina la "Namanga". Akija kuteka maji wanakimbia. Wazazi waliona, na baadhi yao walicheka. Familia ilihama Agosti. Sijui waliko.

Nikija upande wa pili wa ua, binamu yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alikwenda kwa koko wetu, yaani nyanya mzaa baba, mara tu shule zilipofungwa. Boma la koko liko mbele ya mji wa Kajiado, upande wa Bissil. Alikwenda kwa wiki mbili. Amri ya tarehe 6 Aprili ikamkuta huko, akakaa hadi Julai bila kuwaona wazazi wake. Mtandao wa simu ulikuwa wa kupanda kilima. Vipindi vya redio hakuvisikia hata kimoja. Kwa hesabu ya wizara, huyu ndiye aliyepaswa kuharibika kabisa.

Alirudi mzima kutuliko sote. Nilipomwuliza siri ni nini alishindwa kunijibu, akanieleza tu siku yake ilivyokuwa. Asubuhi kuwapeleka ndama. Mchana kuchunga na wenzake wa rika lake. Jioni koko anataka ripoti, mbuzi mmoja mmoja kwa rangi yake, na akishamaliza mbuzi anauliza, "Na wewe je?" Kila jioni, miezi mitatu. Jambo moja alilonieleza nalipenda sana. Kwa Wamaasai mtoto huinamisha kichwa na mkubwa humgusa utosini, ndiyo salamu. Serikali ilikuwa imesema tusigusane, na koko, ambaye ana betri zake za redio na husikiliza habari kuliko mwalimu wa Historia, hakutaka kuvunja amri. Akawa anawagusa wajukuu wake kwa ncha ya fimbo. Mjukuu anainama, fimbo inafika, tap, salamu imekamilika.

Hata hivyo nisije nikaeleweka vibaya. Wako wanaosema warudisheni watoto mashambani kwa wazee na mambo yote yatakuwa sawa. Hapana. Huko huko alikokuwa binamu yangu, msichana wa boma jirani hakurudi shuleni Januari, alikuwa ameolewa. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ipo tangu 2011 na ndoa za watoto ni haramu, lakini sheria haitembei usiku. Kwa wasichana wa aina hii, shule ndiyo iliyokuwa nyumba ya usalama. Wazee wa Kajiado wanamkumbuka Mwalimu Priscilla Nangurai, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya wasichana ya AIC pale Kajiado, ambaye alijulikana kote kwa kuwapokea wasichana waliokimbia kuozwa. Sasa fikiria mwaka ambao milango ya shule zote imefungwa. Msichana angekimbilia wapi? Msichana wa boma jirani alikuwa amezungukwa na mama, shangazi, wajomba na majirani, wote wakimpenda kwa namna yao, na wote walikuwa upande wa harusi. Kwa hivyo ninaposema msaada wa watu sisemi wingi wa watu. Nasema mtu mmoja aliye upande wako, anayekuuliza na kungoja jibu.

Tena haya si mawazo yangu tu ya kidato cha tatu. Iko taasisi ya Kenya iitwayo Shamiri, iliyoanzishwa na kijana Mkenya, Tom Osborn, na wanachama wa Chama cha Kiswahili bila shaka mmefurahi kuona wamechagua neno letu, lenye maana ya kustawi. Wao huwafunza vijana waliomaliza shule juzi juzi, wa miaka kama kumi na minane hadi ishirini na miwili, wakaongoza vikundi vidogo vya wanafunzi wa sekondari kwa saa moja kila wiki, wiki nne. Hawazungumzi ugonjwa. Wanazungumza juu ya kushukuru, juu ya mambo mtu anayoyathamini, na juu ya uwezo wa mtu kubadilika. Walifanya jaribio na wanafunzi 413 wa Kenya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2021 yalionyesha kwamba dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua zaidi kwa hao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Kule Zimbabwe nako, Dakta Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 huko Mbare, Harare, kuwatumia akina nyanya. Aliwafunza kusikiliza, akawaketisha kwenye mabenchi nje ya zahanati, na mtu mwenye moyo mzito huja kuketi naye nyanya wakaongea. Yaani msusi wetu na koko wetu wamekuwa wakifanya kazi ya kitaalamu bila mshahara!

Najua yapo majibu. La kwanza ni la wazee: "Sisi zamani hatukuwa na haya mambo ya stresi. Tulivumilia." Kwa heshima zote, wazee wangu, hamkuvumilia peke yenu. Mlikuwa na jando. Mlikuwa na rika lenu, ambalo mwenzenu akikosekana siku mbili lilimfuata. Mlikuwa na nyanya wa kulala kwake na kumwambia mambo ambayo mama hayawezi. Mlikuwa na msaada mwingi kiasi kwamba hamkuhitaji kuupa jina. Sisi mmetuzaa katika chumba cha futi kumi kwa kumi, nyanya yuko ng'ambo ya Isinya, mama anatoka saa kumi na moja kwenda kiwandani, halafu mnatuambia tuvumilie kama nyinyi.

La pili ni kwamba kosa ni la simu. Hapa nakubali nusu. Kuna waliozama kwenye kamari za simu wakati ule na hawajaibuka. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa na mwalimu wangu wa darasa la sita. Walimu wengine walituma maswali kwenye kikundi cha wazazi, maswali hamsini, jibu yote. Yeye alipiga simu. Tulikuwa zaidi ya arobaini darasani na alitupigia mmoja mmoja, kwa pesa yake, na hakuuliza habari za maswali. Alimwambia mama, "Nipe huyo kijana." Kisha akaniuliza, "Mmekula nini leo? Unacheza na nani? Unalala vizuri?" Dakika tatu. Wenzangu niliosoma nao, tukikutana leo stejini, kila mmoja anakumbuka siku aliyopigiwa, na mmoja anakumbuka hata nguo aliyovaa.

Na la tatu, ambalo si la kubeza, ni kwamba wazazi nao walikuwa wameelemewa. Ni kweli. Baba yangu ni dereva wa matatu. Gari la abiria kumi na wanne liliamriwa kubeba wanane, na mwenye gari alitaka hesabu yake karibu ile ile. Baba alikuwa akirudi kabla ya kafyu, anavua viatu, anatazama ukuta. Nani alimwuliza baba? Na mtu ambaye hajaulizwa atajifunza wapi kuuliza?

Mtasema korona imekwisha, kafyu iliondolewa tangu Oktoba 2021, tunafufua ya nini. Tunayafufua kwa sababu ukuta ule bado tumeubeba. Humu shuleni mwetu tunatoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, na mwalimu hajui mtu amelala wapi. Mwanafunzi akikosekana siku tatu, desturi ni kwamba akirudi asimame nje ya ofisi na aje na mzazi na barua. Napendekeza, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba siku ya tatu mtu apige simu. Si ya kugombeza. Ile ya "mmekula nini leo". Kama pesa ya simu ni shida, vyama vyote vya shule vichange.

Jambo jingine ni ushauri nasaha wenyewe. Tunaye mwalimu mzuri wa ushauri, lakini tunapewa ushauri mara moja kwa muhula, ukumbini, shule nzima. Ni nani aliyewahi kuona mtu akitoa la moyoni mbele ya watu mia tatu? Tunaambiwa tuulize maswali, mtu wa nyuma anauliza swali la kuchekesha, kengele inalia. Nilichojifunza kwa msusi ni kwamba watu huongea mikono ikiwa na kazi, tena wakiwa wachache, na hawatazamani. Wavulana hasa. Tupeni mwalimu mmoja tuoshe naye basi la shule, au tulime naye kile kishamba cha sukuma nyuma ya maabara, watu sita sita, na mtasikia mambo ambayo ukumbini hamtayasikia miaka kumi. Wa kidato cha nne waongoze vikundi, kama wanavyofanya wale wa Shamiri.

Na kwa yule ambaye hawezi kusubiri kikundi wala mwalimu, iko laini ya simu ya 116 ya Childline Kenya. Ni ya bure, hata simu isipokuwa na pesa. Iandikeni ndani ya jalada la daftari.

La mwisho ni chumba. Chumba cha ushauri kiko mkabala na ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, mahali wanaposimama wenye makosa. Ukionekana unaingia pale, kufikia saa nne darasa lote linauliza umefanya nini. Ndiyo maana haingii mtu. Karibu na maktaba kuna chumba kidogo kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Nimekikagua na katibu wa chama chetu. Kina viti vitatu vizima, mlango unafunga, na dirisha moja halina kioo. Tumepima kioo. Chama cha Kiswahili kiko tayari kukinunua wiki yoyote naibu atakayotuambia.